Bei ya Kuujua Mshahara wa Mwenzako

Nchi ninayoisimulia sitaitaja jina. Si kwamba naogopa, la hasha. Jina lake limesajiliwa na ofisi moja ya serikali, na kila anayelitamka bila kibali anatozwa ada. Basi tuiite nchi ile. Na wewe msomaji, ukidhani unaijua, nyamaza zako, usije ukaniponza.

Katika nchi ile walikuwapo watu waliosoma wakaelimika, kazi yao kukagua mizani. Wauza nyama, wanunuzi wa pamba na wenye maghala ya korosho wote waliwaogopa. Mkaguzi anafika na sanduku lake la mawe ya shaba, anaweka jiwe kwenye mzani, anatazama mshale, anaguna. Kule kuguna tu kulitosha kumtoa muuza nyama jasho. Mmoja wa wakaguzi hao aliitwa Bi. Sikudhani Machupa, aliyeajiriwa na Shirika la Magunia. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mkali wa macho, asiye na makuu, ila kwa jambo moja tu alikuwa hashikiki, nalo ni nyumba yake.

Nyumba hiyo ilikuwa imefika kwenye lenta. Ilifika hapo zamani, ikapapenda, ikatulia. Kuku wa jirani walitaga katika chumba ambacho kingekuwa sebule, na jikoni palikuwa pameota mipapai miwili, mmoja tayari unazaa. Kila Sikudhani alipopita kiwanjani pake moyo ulimuuma, akaapa kwamba hatazeekea kwenye chumba cha kupanga. Hakutaka gari wala safari ya ng'ambo. Alitaka mabati, na fundi wa kuyapigilia. Mabati yalitegemea mshahara, mshahara ulitegemea mkataba mpya, na mkataba mpya ulikuwa mkononi mwa Meneja Shekimweri wa Shirika.

Meneja huyo alikuwa mtu mpole. Katika nchi ile mameneja wote ni wapole. Ukali waliwaachia walinzi wa getini. Alimkaribisha Sikudhani chai, akamwongezea sukari kwa mkono wake mwenyewe, kisha akamwambia, "Bi. Sikudhani, mimi si mtu mbaya. Nioneshe wakaguzi wenzako wanalipwa ngapi, nami nitakulipa hivyo hivyo, senti kwa senti. Ila niletee ushahidi rasmi. Maneno ya mtaani sitaki."

Sikudhani alitoka pale akitembea kama aliyeota mabawa. Kwa kete mia nane alizokuwa akipata kwa mwezi, alijua fika kwamba anapunjwa. Mwenzake Fungameza, waliyesoma naye darasa moja na sasa anakagua mizani ya Bandari Kavu, alikuwa ameshajenga, ameezeka, na getini ameweka simba wawili wa saruji. Simba wa saruji hawapatikani kwa mia nane.

Tatizo lilikuwa moja. Katika nchi ile hapakuwa na utovu wa adabu mkubwa kuliko kumuuliza mtu mshahara wake. Ungeweza kumuuliza mbele ya wageni kwa nini hajazaa. Ungeweza kumuuliza ugonjwa wake ni wa namna gani na unatokea sehemu gani ya mwili, naye akakufunulia ukaona. Lakini mshahara, thubutu. Sikudhani aliwahi kumdokeza Fungameza siku moja wakiwa matangani, kwa upole kabisa, akajibiwa "tunamshukuru Mungu, dada," na yule bwana akahama jamvi. Nchi nzima ilikuwa ikilipwa kwa kumshukuru Mungu, na hakuna aliyejua ni kiasi gani kwa mwezi.

Mahali pekee palipokuwa na jibu ni Chama. Kila mwaka Chama Tukufu cha Wakaguzi wa Mizani kilifanya utafiti wa mishahara. Kila mwanachama aliandika anacholipwa, akafunga bahasha kwa gundi na nta, akaipeleka tawini akiwa ameificha chini ya nguo. Kutoka tawini ilikwenda jimboni, kutoka jimboni ikapanda makao makuu, na huko ikatoka Taarifa. Taarifa hiyo iliwekwa kwenye kabati la kioo ukumbini, chini ya taa yake yenyewe. Kutazama jalada kulikuwa bure kwa mwanachama yeyote aliyevaa viatu.

Sikudhani akafunga safari mpaka makao makuu.

Karani wa dirishani alimtajia bei, na Sikudhani akadhani hakusikia vizuri. Akatajiwa tena. Ilikuwa mshahara wa miezi miwili. Akauliza kama kuna aliyelipa kidogo kuliko hapo, akaambiwa wapo, wale wa mishahara mikubwa. Bei ilipangwa kwa madaraja: anayelipwa vizuri hulipia kidogo, maana hana shida sana ya kujua wenzake wanapata nini; anayelipwa vibaya ndiye anayehitaji kujua kwa udi na uvumba, na kitu kinachohitajika sana, karani alisema huku akipiga miayo, huwa ghali. Ndio uchumi, mama.

Sikudhani akapandisha sauti. Alipandisha mpaka Rais wa Chama akatoka ofisini. Huyu alikuwa Daktari Pantaleo Lukwaro, mtu wa tumbo na tai, ambaye hakuwa amegusa mzani miaka mingi isipokuwa ule wa bafuni kwake, nao alikuwa ameshaugombeza ukaondolewa. Udaktari wake aliupata kwenye chuo kimoja kilichokuwa kikitoa udaktari siku za mwisho wa wiki. Alimshika Sikudhani mkono kwa huruma, akamweleza kwamba anaelewa uchungu wake, maana hata yeye aliwahi kuwa mwanachama wa kawaida.

"Mheshimiwa," Sikudhani akasema, "mshahara ulio humo ndani mmojawapo ni wangu. Niliuandika mwenyewe, nikauleta bure. Mnaniuziaje kitu changu?"

"Ulikuwa wako," Daktari Lukwaro akamjibu. "Ulipotuandikia ukawa takwimu, na takwimu ni mali ya Chama. Ukimpa mtu ng'ombe akamchinja akapika supu, utakwenda kudai supu kwa sababu ng'ombe alikuwa wako?"

"Kama nilimpa bure, angalau kibakuli kimoja."

Daktari Lukwaro akacheka mpaka tai ikacheza, akasema ndiyo maana wengine wanabaki kwenye mizani na wengine wanapanda kwenye uongozi. Wakati huohuo vibarua wa Chama walikuwa wakipita na maboksi kuelekea kwenye lori lililoegeshwa nje. Sikudhani akasoma anwani kwenye boksi moja, akakuta ni ya waajiri. Akauliza kama na wao wamelipia. Hapana, akaambiwa, wanapelekewa hadi mlangoni, pamoja na kalenda na kofia. Wao ni wadau. Akauliza, na sisi? Daktari Lukwaro akamtazama kama mtu anayetazama yatima, akamwambia, ninyi ni wanachama.

Basi Sikudhani akalipa. Alilipa kwa pesa ya mabati, ile aliyokuwa ameichanga kwa kujinyima nyama na nguo ya sikukuu. Alijipa moyo kwamba itarudi na faida.

Kurasa za kwanza za Taarifa zilikuwa picha. Daktari Lukwaro akipokea Taarifa. Daktari Lukwaro akikabidhi Taarifa. Daktari Lukwaro akiitazama Taarifa kwa mbali, akiwaza. Baadaye yalikuja maneno ya mshauri mwelekezi aliyeajiriwa kuandaa kazi hiyo, maneno mazito kwelikweli, ambayo yangetosha kumtia mtu usingizi amesimama. Mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo, ndipo palipokuwa na jedwali. Mkaguzi wa mizani anayelipwa kuliko wote katika nchi ile, jedwali lilisema, anapata kete mia saba.

Sikudhani akasoma tena. Akaupindua ukurasa kuona kama kuna mwingine nyuma yake. Hapakuwa na kitu. Maana yake ni kwamba yeye, mwenye mipapai jikoni, alikuwa mkaguzi tajiri kupita wote tangu nchi ipate uhuru, na hakuwa na habari.

Alikaa kitako akafikiri, na alipofikiri akaanza kuona aibu, maana jibu alilijua, na makosa yake mwenyewe yalikuwamo. Wakaguzi wa mizani wana mazoea yao. Hakuna mzani duniani ulio sawasawa kabisa, na kwa hiyo sheria inauruhusu kukosea kidogo. Hicho kidogo wao wenyewe wanakiita kosa halali. Mkaguzi akisoma mzani hupunguza kile kidogo, ili mnunuzi asiibiwe. Ni kazi njema, lakini ikishamwingia mtu damuni haitoki. Mkaguzi ukimuuliza watoto wake wana umri gani, atapunguza. Akialika watu harusini, atapunguza, na pilau litaisha kabla ya bwana harusi kula. Sikudhani mwenyewe, alipokuwa akiandika mshahara wake kwenye fomu ya utafiti, mkono ulijiendea: badala ya mia nane aliandika pungufu kidogo, kosa halali, akaona amefanya kitaalamu.

Akapiga simu tawini. Katibu wa tawi, mkaguzi mstaafu, akamjibu kwa fahari kwamba naam, kila namba iliyopita mikononi mwake aliitoa kosa halali, angekuwa mkaguzi gani asipoitoa? Akapiga jimboni. Jimboni wakashangaa kusikia tawini wanatoa, wakasema kazi hiyo ni ya jimbo, na wao huitoa kila mwaka. Makao makuu wakamwambia wao hawatoi hata chembe, wanamwachia mshauri mwelekezi. Mshauri mwelekezi alitoa, kisha akatoa tena, kwa kuwa takwimu zinazotoka kwa wanadamu haziaminiki. Hivyo ndivyo wasomi wa nchi ile, waliokuwa wakimfungia duka muuza nyama kwa kupunguza nusu kilo, walivyojipunja wenyewe kwa ngazi, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akanawa mikono akaenda kula.

Kabla hajajua la kufanya, Meneja Shekimweri akamwita. Boksi lake lilikuwa limeshafika, na kofia alikuwa ameivaa. Akamkaribisha chai, akampongeza kwa kuwa ndiye anayelipwa vizuri kuliko wote nchini, akasema Shirika lina haya kubwa kwa kosa hilo na litalirekebisha mara moja. Mshahara mpya ungekuwa mia saba. Alimwahidi senti kwa senti, na yeye ni mtu wa kutimiza ahadi.

Sikudhani akamweleza habari ya kosa halali tangu mwanzo hadi mwisho. Meneja akasikiliza kwa upole wake wote. Alisema inawezekana kabisa, ila yeye si mtaalamu wa mizani, na hati rasmi ni hati rasmi. Bahati nzuri mkutano mkuu wa Chama ulikuwa wiki ileile, na yeye ndiye mgeni rasmi. Kama wanachama watasimama na kuisahihisha Taarifa, atalipa kwa Taarifa iliyosahihishwa. Kama hawatasimama, mkataba utasubiri mezani pamoja na kalamu.

Basi mabati, nyumba na uzee wa Sikudhani vyote vikawa vinaning'inia kwenye mkutano mkuu wa wakaguzi wa mizani.

Ukumbi ulijaa. Waliketi wakaguzi kutoka kila jimbo, suti zimenyooshwa, na mbele kabisa kwenye viti vya kulalia wakaketi waajiri, maana wao ni wadau. Ajenda ya mwisho iliandikwa kwa heshima zote: Je, ni sawa Chama kuwatoza wanachama ili waione Taarifa ya mishahara yao? Daktari Lukwaro aliijibu mwenyewe kabla haijasomwa. Alisema ukimpa mwanachama elimu ya bure unamdhalilisha. Alisema ada ndiyo iliyojenga jengo la Chama, na jengo la Chama ndilo linalotunza Taarifa, na Taarifa ndiyo inayoleta ada, na asiyeuona uzuri wa mzunguko huo akapimwe macho. Wakampigia makofi. Walipiga makofi hata waliouza mbuzi ili kuilipa.

Sikudhani akasimama. Alikuwa ameshika kipaza sauti kwa mikono miwili. Hakutoa hotuba. Alisema namba za Taarifa ni za uongo kwa sababu zimepunguzwa kila zilipopita, na kwamba dawa ni rahisi: humu ndani wote ni wenzake, kila mmoja asimame ataje anacholipwa, na kabla ya chakula cha mchana watakuwa na taarifa ya kweli bila kulipa hata kete moja. Akasema ataanza yeye.

Mzee mmoja wa safu ya kati akaanza kunyanyuka. Mwingine upande wa dirisha akajikohoza, akaivuta suti yake vizuri. Kwa dakika ile Sikudhani aliamini, aliamini kabisa, kwamba watu wake wana damu mwilini.

Daktari Lukwaro akawahi kipaza sauti chake. "Naomba ieleweke," akasema kwa utulivu, "kwamba mshahara ukitajwa ndani ya ukumbi wa Chama unakuwa takwimu ya Chama. Atakayeusikia atakuwa ameipokea huduma, na atatozwa kulingana na daraja lake. Wahasibu wako milangoni."

Mzee wa safu ya kati akaketi. Kisha akatia vidole masikioni. Aliye kando yake akamwona, naye akatia. Likapita kwenye ukumbi kama upepo unavyopita kwenye mpunga, safu kwa safu, wasomi wazima, wenye vyeti ukutani, wakaziba masikio yao kwa vidole na viwiko vikachomoza kila upande. Sikudhani akaendelea kusema. Akataja mia nane. Akaeleza habari ya tawi na jimbo na mshauri mwelekezi. Alisema yote, machozi yakimtoka, mbele ya kaumu ya watu walioziba masikio na kumtazama kwa huzuni. Waliokuwa wakisikia ni waajiri peke yao, kwa sababu wao hawatozwi.

Kwenye foleni ya pilau wenzake walimjia mmojammoja, wakamshika bega, wakamsifu kwa ujasiri. Mmoja alimwuliza kwa kunong'ona alikuwa anasema nini.

Ndipo Meneja Shekimweri akamfuata, sahani mkononi, akiongozana na mkuu wa Bandari Kavu. Alisema amemwelewa vizuri na hata ameguswa. "Lakini nifanyeje, Bi. Sikudhani? Hakuna aliyesimama. Niletee mmoja tu, mmoja aseme analipwa zaidi ya hiyo mia saba, nami nasaini sasa hivi."

Sikudhani akageuka. Fungameza alikuwa nyuma yake, paja la kuku mkononi. Akamwita. Akamweleza swali lenyewe polepole, na macho yake yalikuwa yanamsihi kwa yote waliyowahi kula pamoja. Fungameza akamtazama Sikudhani, akamtazama mkuu wake wa Bandari Kavu, akaliweka paja chini.

"Mimi," akasema, "nalipwa kama ilivyo kwenye Taarifa."

Mkuu wa Bandari Kavu akainua nyusi, akatabasamu, akala.

Jumatatu Sikudhani alisaini mia saba. Angefanyaje? Jioni alikuwa kiwanjani pake akipima kama makuti yanaweza kukaa pale palipongoja mabati, Fungameza akatokea akihema, macho mekundu. Walikuwa wamemrekebisha. Bandari Kavu ilimshukuru kwa ukweli wake mbele ya mashahidi, ikamshusha hadi mia saba palepale, na kwa wale simba wa saruji alikuwa bado anadaiwa mmoja.

"Nilikuwa napata elfu moja na mia mbili, dada," akasema, na akalia kweli.

Sikudhani alimtazama. Namba aliyoitafuta kwa mabati yake yote ilikuwa imetoka sasa, kwenye kinywa cha mwoga, saa chache baada ya faida yake kwisha. Alitamani kumzaba kofi. Akajizuia, akamwambia yeye alikuwa na mia nane na sasa ana mia saba, na kesho asubuhi waende wote wawili, kwanza kwa Meneja Shekimweri, kisha Bandari Kavu, wakaseme namba zao kwa vinywa vyao. Wawili wakisema, wa tatu atasema.

Fungameza akajifuta uso kwa leso.

"Tuende na nini, dada? Na maneno matupu?" akauliza. "Hayo uliyoniambia nashukuru, lakini umenipa bure. Mwajiri atauliza nimeyatoa wapi. Hapana, ngoja kwanza nikanunue Taarifa."

Asubuhi Sikudhani alimfuata mpaka makao makuu, akitumaini kumkamata shati kabla hajalipa, maana bado alikuwa na moyo wa kijinga. Alimkuta kwenye foleni. Foleni ilitoka dirishani, ikapita ukumbini, ikateremka ngazi, ikazunguka jengo. Walikuwa wakaguzi wa mizani wa nchi nzima. Wote walikuwa wamekatwa mishahara Jumatatu ileile, kwa Taarifa ileile, na wote walikuwa wamekuja kuinunua wajue kwa nini. Walisimama wamebanana, bega kwa bega, wakizungumza habari za mvua na mpira na ndoa ya fulani iliyovunjika. Kila mmoja alikuwa amebeba kichwani namba ambayo aliye mbele yake amekuja kuilipia, na saa zote alizokaa pale akiwatazama, Sikudhani hakusikia hata mmoja akiitaja. Karani alipofungua dirisha, wakasukumana.